Kodiani na Saksafoni

Kodiani kwetu ni ya taarabu. Ufaransa ilikuwa ya kumbi za dansi, na wapenzi wengi wa jazi waliidharau. Richard Galliano, aliyezaliwa mwaka 1950, hakuitupa. Mwaka 1997 yeye na Michel Portal, mpigaji wa klarineti na saksafoni, walitoa santuri iitwayo Blow Up. Watu wawili tu! Hakuna ngoma ya kujificha nyuma yake. Saksafoni hupata pumzi kifuani mwa mtu, kodiani hupata katika mvukuto wake, na zote hulia kwa viulimi vyembamba vinavyotikiswa na hewa. Katika ukumbi mdogo, mmoja akiteleza kila mtu anasikia. Kwa hiyo mwenzako akipiga, unyamaze umsikilize. Bendi zetu, zenye spika za kutetemesha madirisha, zingethubutu hivyo japo jioni moja?