Nyumba Iko Unguja, Mwenyewe Yuko Ibra: Mali ya Pango na Akiba ya Uzeeni

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inawahusu hasa watu wanaoishi nchi moja huku nyumba yao ya kupangisha ikiwa katika nchi nyingine. Makala ya leo yanaitazama hali hiyo kutokea miji ya Ibra, Sur na Nizwa, katika Sharqiyah na Dakhiliyah ya Oman, ambako Kiswahili bado kinasikika barazani na familia nyingi zina jamaa Unguja, Pemba na Mombasa. Wapo kati yao waliorithi nyumba huko, na wapo walionunua. Swali ni moja: mwenye nyumba aliye mbali ataipataje haki yake, na je, anaweza kuiegemea mali hiyo atakapozeeka?

Jambo lenyewe si geni. Katika karne ya 19 watu wa Sharqiyah, wakiwamo wa koo za al-Harthi na al-Barwani, walihamia pwani ya Afrika Mashariki wakawa na mali pande zote mbili za bahari. Biashara hiyo ilikwenda kwa karatasi. Ulikuwapo mkataba ulioitwa bei ya khiyari: mwenye nyumba alipokea fedha, nyumba ikaandikwa kuwa imeuzwa kwa sharti kwamba anaweza kuikomboa, na yeye akaendelea kukaa humo akilipa kodi ya pango. Kwa njia hiyo aliyetoa fedha aliweza kupokea pango la nyumba ambayo pengine hakuwahi kuingia mlango wake. Kilichomlinda ni hati na mashahidi wake.

Hata hivyo, hati nayo ina mpaka wake. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya ya Zanzibar ilitaifisha ardhi na majengo mengi, yakiwamo ya Mji Mkongwe. Familia zilizokuwa zimeweka riziki yao yote katika nyumba na mashamba ya visiwani zilibaki mikono mitupu, na wengi wa watu hao walifika Oman kuanza upya, hasa baada ya mwaka 1970. Kwa mwenye kupiga hesabu za pango, historia hiyo inaonyesha kuwa mali ya mbali ina hatari mbili: moja ni ya mtu aliyekabidhiwa, na ya pili ni ya nchi ambamo mali imesimama.

Kuhusu hatari ya kwanza, mtu wa Nizwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Inapita chini ya mitende yake. Falaj Daris ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya mifereji ya namna hii hugawanywa kwa zamu, na zamu moja, iitwayo athar, ni kiasi cha nusu saa. Zamu hurithiwa, huuzwa na hukodishwa. Nyingine ni wakfu wa misikiti au ni mali ya falaj yenyewe. Hizo hukodishwa kwa mnada, na fedha zinazopatikana hutumika kuusafisha na kuutengeneza mfereji.

La kuzingatia ni namna kazi inavyogawanywa katika falaj kubwa. Wakili ndiye msimamizi. Arifu huangalia zamu za maji. Dalali hunadi. Fedha hushikwa na mtu mwingine, aitwaye kabidhi, jina lenye asili moja na neno letu kukabidhi. Anayenadi si yeye anayeshika fedha, na anayeshika fedha si yeye anayeangalia maji. Mwenye zamu anaweza kusafiri mwaka mzima, akirudi akaikuta haki yake katika daftari.

Sasa tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa Ibra mwenye nyumba ya vyumba sita Unguja. Anayemsimamia ni mtoto wa ndugu yake. Kijana huyo ndiye anayetafuta wapangaji, ndiye anayepokea kodi, ndiye anayemwita fundi, na ndiye anayepiga simu kusema: "Ami, mwezi huu fedha zote zimeingia kwenye paa." Huenda ni kweli tupu. Lakini ami hana njia ya kujua, na kijana hana njia ya kuthibitisha uaminifu wake. Shaka ikiingia, kinachovunjika si pango tu bali ni udugu. Kwa hiyo daftari humlinda msimamizi kama linavyomlinda mwenye mali.

Kwa utaratibu wa falaj, mambo yangekuwa hivi. Wapangaji wangelipa moja kwa moja katika akaunti ya benki, au kwa simu, katika namba isiyotumika kwa jambo jingine lolote. Msimamizi angepewa ujira unaojulikana, maana asiyelipwa hujilipa. Fungu la matengenezo lingetengwa kila mwezi kabla ya faida kugawanywa. Kazi ya fundi ingeambatana na stakabadhi na picha, na mara moja au mbili kwa mwaka mtu wa tatu angepita kuitazama nyumba. Hata kalenda inahitaji kuangaliwa: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Afrika Mashariki Jumamosi na Jumapili, kwa hivyo siku ambazo ofisi za pande zote ziko wazi ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi.

Liko pia suala la hati ya uwakala. Hati hiyo itaje kwa uwazi msimamizi anaruhusiwa nini: kupangisha na kupokea kodi ni jambo moja, kuuza au kuweka rehani ni jambo jingine kabisa. Vilevile wengi husahau kwamba uwakala hufa pamoja na aliyeutoa. Siku mwenye nyumba anapofariki Nizwa, madaraka ya wakala wake Unguja yamekwisha, na pango la tangu siku hiyo ni la warithi. Familia isiyo na orodha ya mali, mikataba na madeni huanza msiba wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza.

Hatari ya pili ni ya nchi na sheria zake. Zanzibar, kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa mkataba wa muda usiozidi miaka 99. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu huandikisha nyumba kwa jina la ndugu aliye raia. Njia hiyo inaonekana nyepesi, lakini ndugu huyo akifariki, watoto wake watakuta hati yenye jina la baba yao, na huenda wakadai mirathi kwa nia njema kabisa. Kodi ya serikali nayo hutofautiana kwa makazi: Kenya humtoza mkaazi mwenye pango la kiasi cha kati asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, ilhali asiye mkaazi hukatwa asilimia 30.

Sarafu pia hula polepole. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola tangu miaka ya 1970, na tangu 1986 rial moja ni kama dola 2.60. Shilingi haikufungwa. Pango la shilingi 30,000 za Kenya lilikuwa karibu rial 133 mwaka 2014, dola ilipokuwa kama shilingi 87. Katikati ya 2024, dola ikiwa kama shilingi 129, pango lile lile lilikuwa karibu rial 89. Mpangaji hakukosa kulipa hata mwezi mmoja, na bado theluthi nzima imepotea njiani.

Hapa ndipo uzee unapoingia. Muomani aliyeajiriwa huchangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na kwa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2023 raia aliyefikia umri wa miaka 60 hupata posho ya rial 115 kwa mwezi. Mchangiaji hachagui mfuko ununue nini, kwa hivyo nyumba ya Unguja hukaa nje ya pensheni yake.

Kwingineko taratibu ni tofauti. Kenya tangu 2020 humruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Marekani, wanakoishi jamaa wa familia hizi pia, ziko akaunti binafsi za kustaafu ambazo mwenyewe huchagua mali ya kununua, hata nyumba ya kupangisha. Lakini masharti yake ni makali. Nyumba huandikwa kwa jina la akaunti, chini ya mtunzaji aliyeidhinishwa. Kodi yote ya pango hurudi humo, na fundi hulipwa kutoka humo. Mwenye akaunti haruhusiwi kulala ndani ya nyumba hiyo, wala kumpangisha mkewe, mtoto wake au mzazi wake. Akivunja sharti, akaunti nzima huhesabiwa kuwa ameitoa tangu siku ya kwanza ya mwaka huo, pamoja na kodi inayofuatia.

Sharti hilo halitamshangaza anayeijua wakfu au falaj. Mali iliyowekwa kwa ajili ya kesho haichanganywi na mfuko wa leo, hata kama mwenyewe ni mmoja. Mwalimu wa Ibra hana akaunti ya Kimarekani, lakini hakuna kinachomzuia kujiwekea kanuni ile ile: pango lina akaunti yake, matengenezo yana fungu lake, na jamaa anayeingia kupanga analipa kama wapangaji wengine, au asaidiwe waziwazi kutoka mfuko mwingine.

Na kanuni ya mwisho ni ya kutotegemea paa moja. Waliopoteza kila kitu mwaka 1964 hawakuwa wazembe wa hesabu. Wengi wao walikuwa na hati safi. Walichokosa ni riziki ya pili upande wa pili wa bahari. Nyumba ya mbali ni nyongeza njema ya pensheni, lakini haifai kuwa pensheni yenyewe. Na kwa yule ambaye tayari anayo, Waswahili walimwachia usia mfupi: mali bila daftari hupotea bila habari.