Kuutunza Mguu wa Matende

Huku pwani kwetu, tangu Bagamoyo hata Saadani, mwenye matende hujificha. Haji barazani wala arusini, maana watu husema amerogwa. Sivyo. Ni mnyoo mwembamba kama uzi, uletwao na mbu, ambao huiharibu mishipa ipitishayo majimaji ya mwili, nayo yakatuama mguuni.

Dawa ya kumeza, iliyoanza kugawiwa Mafia mwaka 2000, huwaua watoto wa mnyoo huyo walio damuni. Lakini mguu uliokwisha kuharibika hauponi kwa vidonge. Huo wataka sabuni na maji safi, yasiwe ya moto. Uoshe kila siku, polepole, hata katikati ya vidole na ndani ya mikunjo, kisha uukaushe kwa kitambaa laini. Penye unyevu ndipo ngozi ipasukapo, vijidudu vikaingia, vikaleta mitoki na homa. Na kila homa huuzidisha uvimbe. Usichanje kwa wembe! Ukiketi, uinue mguu juu ya kigoda. Homa ikija, nenda zahanati.

Nina jirani, msuka majamvi, ambaye bintiye humwosha hivyo kila jioni. Mguu haujawa mwembamba, lakini mwaka huu hakushikwa na homa hata mara moja, na juzi alikwenda mwenyewe arusini kwa mpwawe.