Maji ya Miche Katika Viriba



Mche wa mchungwa ukiwa shambani hutafuta maji wenyewe kwa mizizi yake. Ukiwa ndani ya kiriba hupata yale tu unayopewa na mtunza kitalu. Kwa sababu hiyo wengi humwagilia mno, wakidhani wanaufanyia hisani. Lakini maji yakijaza udongo wote, hewa hutoka na mizizi huoza. Kinyausi nacho huingia: shina changa hulegea karibu na udongo, mche ukalala. Mtunzaji akiuona hudhani una kiu, akauongezea maji!

Hakuna kipimo kimoja cha vikombe. Udongo wa luseni, wenye mchanga wa vilima vya mawe, hupitisha maji upesi. Ule mweusi wa mbuga huyashika siku nyingi. Basi kidole kiingizwe hadi kiungo cha kwanza. Kikitoka na unyevu, ndoo isubiri. Kikitoka kikavu, maji yamwagwe polepole, asubuhi, hadi yachuruzike kwenye matundu ya chini. Kiriba kisicho na matundu hakifai kabisa.

Wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, maji yapunguzwe kidogo kidogo ili miche ikomae. Chama kinachopoteza miche mwezi Oktoba hakina muda wa kuotesha mingine kabla ya mvua za Novemba, na samadi ya wanachama imekwenda bure.

Katibu aandike daftarini ni nani mwenye zamu ya ndoo. Miche mingi huoza pale watu wawili wanapomwagilia bila kuambiana.