Lori Lilale Gereji: Mlio wa Alfajiri na Presha Ndogo ya Oili



Nimepangiwa kuzungumzia injini inayogonga ikiwashwa asubuhi, pamoja na presha ndogo ya oili kwenye malori. Naomba nianze na swali. Nani kati yetu mafundi amewahi kuusikia mlio huo kwa masikio yake, saa kumi na moja alfajiri, hapa Makambako, mwezi wa saba? Dereva anaujua. Utingo anaujua kuliko dereva, maana yeye ndiye aliyelala chini ya turubai. Fundi hajausikia. Gari linamfikia saa nne, limeshatembea kutoka Mafinga au Igawa, injini imechemka na mlio umepotea. Anahadithiwa, na kwa hadithi hiyo anashusha sampu.

Kwa hiyo ombi langu leo ni moja, na mengine yote nitakayosema yanaliunga mkono. Lori lenye ugonjwa wa asubuhi lilale gereji, na geji ifungwe jioni yake.

Baridi na oili

Lori lililopakia Dar es Salaam linapanda Kitonga na kulala huku juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Oili iliyomo ni ileile, ila hali yake imebadilika. Chukueni 15W-40 ya kawaida. Ikiwa na joto la nyuzi 40 tu, uzito wake ni kama mara saba ya ule wa nyuzi 100, ambao ndio joto la kazi. Ikishuka hadi nyuzi kumi au chini yake, kama inavyotokea hapa alfajiri, inakaribia asali ya Tabora iliyosahaulika kabatini. Pampu lazima iinyonye hivyo hivyo kupitia chujio la sampu, iisukume kwenye filta, ifike kwenye krenki, ipande hadi kwenye roka na turbo kule juu. Wakati huo chuma kinasugua chuma.

Wapo wenye magari wanaotia 20W-50 kwa kuwa injini imechoka na taa ya oili inawaka. Mchana taa inazimika na wanamsifu fundi. Alfajiri oili hiyo nzito inachelewa zaidi kufika juu, na kila kuwasha kunakula kidogo kilichobaki.

Sasa kuna jambo linalotuchanganya wengi, nami lilinichanganya miaka mingi. Tunadhani pampu inatengeneza presha. Pampu inasukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapozuiwa, kama mpira wa kumwagilia bustani unapoubana mdomo kwa kidole gumba. Nafasi kati ya beringi na krenki ndiyo kidole gumba chetu. Ikipanuka, maji yanatoka kwa wingi lakini hayarukii mbali.

Likieleweka hilo, presha ndogo ya asubuhi na presha ndogo ya mchana zinakuwa magonjwa mawili. Asubuhi oili ni nzito, inazuiwa kila mahali, kwa hiyo pampu ikishashika geji inapaswa kupanda kuliko wakati wowote wa siku. Ikikataa kupanda, tusikimbilie beringi. Tuangalie kama oili ipo, kama chujio la sampu limezibwa na tope, kama valvu ya kupunguzia presha imekwama wazi, na kama bomba la kunyonyea linavuta hewa. Oringi ya bomba hilo ni kipira cha bei ndogo, kikikauka pampu inakunywa povu. Mafundi wa pikapu za Chevrolet Silverado huko Marekani wanaijua vizuri oringi hiyo kwenye injini za V8 za lita 5.3. Lakini presha ikiwa nzuri asubuhi na kuanguka injini ikichemka, hapo ndipo beringi zinapoingia kwenye orodha, pamoja na pampu iliyolika na oili iliyokuwa nyepesi.

Lori la siku tatu

Niliwahi kuletewa lori la tani kumi ambalo lilikuwa limeshafunguliwa injini kwingine. Krenki ilichongwa, zikawekwa beringi za saizi, mwenye gari akauza shamba la miti kulipia kazi hiyo. Baada ya wiki tatu mlio ukarudi uleule: kakakaka kwa muda mfupi asubuhi, kisha kimya. Na taa ya oili ilikuwa inapepesa likishuka mlima na kusimama.

Nikamwambia dereva aniachie gari. Alikasirika, alikuwa na mzigo wa viazi. Jioni nikachomoa sensa ya oili, nikafunga geji ya mshale kwenye tundu lake. Alfajiri nikawasha mwenyewe, simu mkononi inahesabu. Mshale ulilala sekunde nane, ndipo ukaruka. Mlio nao ulikata kwenye sekunde hiyohiyo.

Filta ya injini ile imefungwa kwa kulala ubavu. Kesho yake nikaifungua kabla ya kuwasha, nikakuta ndani kuna oili ya kujaza kikombe cha kahawa tu. Ndani ya filta nzuri huwa kuna ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Ule niliokuta ulikuwa mgumu kama ukucha. Nikaweka filta yenye ulimi laini, na asubuhi ya tatu mshale ukanyanyuka kabla sijahesabu tatu. Mlio haukutokea.

Ningeishia hapo ningejisifu, lakini taa ilikuwa bado inapepesa mchana. Nikamuuliza dereva gari linakula oili kiasi gani. Akajibu kwa furaha kwamba tangu itengenezwe injini hailambi hata tone. Nikavuta kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Hakuna injini inayozaa oili, ndugu zangu. Nilinusa nikapata dizeli. Nikadondosha tone kwenye karatasi ya daftari, likaacha doa jeusi katikati na duara pana la mafuta mepesi pembeni. Pampu ndogo ya kuvutia dizeli, ile iliyofungwa ubavuni mwa bloku, mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka na ulikuwa unamimina dizeli kwenye sampu. Oili imekuwa kama maji, presha itatoka wapi?

Filta moja, pampu moja ndogo, na oili mpya. Beringi za saizi tuliziacha zilipo. Bahati yake zilikuwa bado hazijaungua.

Kwenye injini za siku hizi ambazo nozeli zimekaa chini ya kifuniko cha roka, dizeli inaweza kuvuja kwenye oringi za nozeli na kuingia kwenye sampu kwa njia hiyo. Dalili ni ileile: kijiti kinapanda.

Milio inayodanganya

Si kila kelele ya asubuhi inahusu oili. Dizeli yenyewe hugonga ikiwa baridi, kwa kuwa inachelewa kushika moto kisha inalipuka kwa mkupuo. Injini ikipata joto inatulia. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga ikiwa baridi na hunyamaza ikitanuka. Gasketi ya manifoldi ya moshi, au bolti yake iliyokatika, hutoa tiki-tiki ambayo wengi wameiita tapeti na kuirekebisha bure. Tafuteni masizi pembeni ya manifoldi. Kompresa ya upepo ndiyo mwongo mkubwa kuliko wote. Inagonga kama konrodi, na nimeona injini ikishushwa kwa ajili yake. Subirini upepo ujae, mlisikie lile psss la kukata. Mlio ukibadilika hapohapo, mshikeni kompresa.

Mlio wa konrodi ni mzito, unaongezeka ukipiga resi, na kwa kawaida unazidi oili ikichemka. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya mabomba tunalegeza nati ya nozeli moja moja: silinda yenye beringi mbovu mlio wake unapungua ikikosa moto. Naomba hapa nisisitize kwa vijana. Msifanye hivyo kamwe kwenye injini ya komoni reli. Presha ya dizeli mle inapita baa 1,000, inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza mkono.

Namba za kushika

Mshale wa kwenye dashibodi na taa yake ni mashahidi tu, tena wengine wamehongwa. Nimekuta lori ambalo waya wa taa ya oili ulikatwa na kukunjwa vizuri kwa tepu. Fungeni geji yenu. Mpime mara tatu: likiwa baridi, likiwa limechemka kwenye sailensi, na likiwa limechemka kwenye mzunguko wa kazi. Kisha mfungue kitabu cha injini hiyo. Injini ya Cummins B ya lita 5.9, ambayo iko kwenye Dongfeng nyingi, kiwango chake cha chini ikiwa imechemka ni paundi 10 kwenye sailensi na paundi 30 kwenye mzunguko wa juu. Kwa hiyo mtu akija na paundi 14 kwenye sailensi akilia kwamba injini imekufa, mpeni chai kwanza.

Namba zikigoma, kabla ya kushusha sampu kateni filta ya zamani kwa msumeno, ng'oeni karatasi yake, muikamue na kuitandaza juani. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma. Zinazong'aa kama shaba zimetoka kwenye beringi, maana yake tabaka la juu limekwisha. Hapo fungueni injini kwa moyo mmoja.

Kwa upande wa madereva: mkiwasha asubuhi msipige resi. Iacheni injini kwenye sailensi mpaka mshale upande, halafu muondoke taratibu.

Hapo nje, chini ya mkaratusi, kuna lori la mwenzetu mmoja aliyejiandikisha kwa semina hii. Limesimama tangu jana saa moja jioni na geji nimeifunga mwenyewe. Ufunguo ninao mfukoni, hakuna aliyeliwasha. Twendeni tukalisikilize kabla jua halijapanda, maswali mtaniuliza hukohuko.