Upekuzi Huanzia Kituoni

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya maafisa na askari wa Polisi wanaojitayarisha kuhamia vituo vya Tanzania Bara, ukiwemo Mkoa wa Katavi.



Jeshi la Polisi ni moja kwa Jamhuri yote ya Muungano. Kijana aliyezaliwa Wete huenda kesho akapangiwa Mpanda, mji unaokomea reli itokayo Kaliua, na ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Huko hatamkuta sheha. Atamkuta mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Sheria nayo ni nyingine, yaani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Na. 9 ya mwaka 1985.

Mimi si askari. Ninayoyasema nimeyapata zaidi katika kumbukumbu za Serikali kuliko katika viwanja vya mafunzo, na mtanisamehe nikikosea istilahi zenu.

Oktoba 2013 Serikali iliendesha Oparesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Nia yake ilikuwa njema: tembo nchini walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Hata hivyo, mwanzoni mwa Novemba oparesheni ilisimamishwa. Ripoti ya Kamati ya Bunge iliyosomwa mwezi wa Desemba ilieleza vifo na mateso ya raia pamoja na uharibifu wa mali zao, na tarehe 20 ya mwezi huo mawaziri wanne waliziacha nyadhifa zao. Kwa askari atakayefanya kazi Katavi, mkoa wenye Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1974, jambo hilo si hadithi ya mbali. Nyumba atakayotumwa kutafuta pembe au gobore itakuwa ya mkulima au mfugaji, na ndani yake watakuwamo watoto.

Kwa hiyo mkuu wa msafara asiwashe gari kabla hajaisoma hati ya upekuzi kwa sauti mbele ya askari wake wote: nyumba ipi, ya nani, kinatafutwa nini. Hati inayotaja bunduki haimpi mtu ruhusa ya kupekua barua za mwenye nyumba. Pale ambapo kuchelewa kungeharibu ushahidi au kuhatarisha maisha, mkuu wa kituo anaweza kutoa idhini yake ya maandishi. Idhini hiyo nayo isomwe vivyo hivyo.

Kisha aulize nani wanaishi humo na wanazungumza lugha gani. Katumba na Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi, na wako wazee ambao Kirundi ndicho huwatoka kwanza. Mzee akiamriwa kwa ukali ainue mikono, naye hakuelewa, akageuka kuingia ndani, askari aliyeambiwa kuna gobore atadhani amekwenda kulichukua. Hapo risasi hutoka kwa sababu ya neno moja lisilofahamika. Ni heri jina la atakayezungumza mlangoni liandikwe kabla ya safari, na wengine wote wanyamaze.

Saa nayo ipangwe. Kwa kawaida hati hutekelezwa baina ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Sharti hilo humlinda askari pia, kwani usiku mwenye nyumba hawezi kumtenganisha polisi na jambazi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha; basi askari wa kike awe katika orodha tangu jana yake, asitafutwe wakati watu wamekwisha kusimama uani. Shahidi asiye askari apatikane kabla mlango haujafunguliwa. Na hodi ipigwe, adabu tuliyofunzwa sote tangu chuoni.

Mali ikikamatwa iandikiwe stakabadhi, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza umuhimu wa maandishi yanayoonyesha kielelezo kilivyokamatwa na kilivyopita mkono hadi mkono. Asiyejua kusoma asomewe kwanza, ndipo atie dole gumba. Mkuu wa msafara naye awahesabu askari na silaha zake hapo hapo uani, kabla ya kupanda gari.