Kulia kwa Nani? Mahali na Majina Yake katika Mwili wa Binadamu



Huku kwetu Tumati ukiuliza njia utaambiwa "panda juu" au "shuka chini," na mlima ndio unaoamua. Daktari akiandika "juu" haangalii mlima. Mgonjwa amelala chali, amekaa au amebebwa kwenye machela, juu ni upande wa kichwa na chini ni upande wa nyayo. Wanaosoma maumbile ya mwili wamekubaliana kumtaja kila mtu kana kwamba amesimama wima, uso mbele, mikono imeshuka ubavuni, viganja vimetazama mbele.

Viganja hivyo huwashangaza wanafunzi, maana nani husimama namna ile? Sababu iko kwenye kigasha, chenye mifupa miwili. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hukaa sambamba: wa upande wa gumba uko nje, mwenzake uko ndani. Geuza kiganja kitazame nyuma, na ule wa gumba utamkatiza mwenzake kama mkasi. Ukisema "nje" hapo, haijulikani unasema mfupa gani. Jaribuni papo hapo mlipoketi.

Makubaliano haya yana kazi kubwa katika wilaya yetu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia watu tangu 1955, hupokea Wairaqw, Wadatoga, Wahadza, Wanyiramba na Waisanzu, watu ambao lugha zao hazitoki kwenye asili moja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, nacho katika mazungumzo ya kawaida ni kipana mno. "Mkono" unaanzia begani hadi kwenye kucha, na "mguu" vivyo hivyo kuanzia nyonga. Barua ya rufaa isemayo "amevunjika mguu" humlazimisha anayeipokea kuanza upya. Ingeandikwa "muundi wa kulia, theluthi ya chini, karibu na kifundo," fundi wa eksirei angejua pa kupiga. Maneno tunayo: chembe cha moyo, kinena, kisogo, kwapa. Tunayaacha vijiweni na kwa bibi zetu, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili hakitoshi.

Tumbo ndilo lenye utata kuliko viungo vyote. Waganga huligawa mara nne kwa mistari miwili inayokutana kitovuni. Robo ya juu kulia ina ini, ya juu kushoto ina bandama, na ya chini kulia ina kidole tumbo. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanzia kitovuni, yakahamia chini kulia baada ya saa kadhaa, kwa hiyo kuuliza "yalianza wapi?" kuna uzito sawa na kuuliza "yako wapi sasa?" Mwaka 1889 daktari wa New York, Charles McBurney, alieleza mahali penyewe: chora mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kitovuni, upime theluthi moja kuanzia kwenye ncha.

Sasa kulia ni kwa nani? Ni kwa mgonjwa, daima. Anayemtazama uso kwa uso ana kulia kwake upande wa pili, na picha ya eksirei ya kifua nayo husomwa hivyo hivyo, kana kwamba mgonjwa amekukabili. Ndiyo sababu fundi huweka alama ya upande kwenye picha.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Pale waliochanganywa walikuwa watu, si pande, lakini dawa yake ni ileile. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani hutaka mgonjwa ahakikishwe, kabla ya kulazwa usingizi, kwa jina lake, mahali pa kupasuliwa na upasuaji wenyewe; penye upande, pawekwe alama. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ikiwa mojawapo, na matokeo yakachapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kwa hiyo ukipelekwa chumba cha upasuaji na mtu akakuuliza kwa mara ya tatu ni goti lipi, usikasirike. Mwonyeshe kwa kidole, na umwambie aweke alama ungali macho.