Kijana Muislamu na Siasa: Haki Haina Kabila Wala Dini

(Nasaha kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, Nakuru)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu na dada yangu katika imani, najua wengi wakisikia neno siasa ndani ya Ramadhani huguna. "Huyu naye kakosa mada? Si atueleze fadhila za Laylatul Qadr?" Fadhila hizo masheikh wetu wanazieleza kila usiku, na mimi ni mwanafunzi tu, sina elimu ya kushindana nao. Lakini tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kufunga na huku hakuacha uongo, Allah hana haja na njaa yake. Na hapa kwetu, uongo unauzwa kwa jumla na kwa rejareja kwenye siasa. Basi hebu tukae tuzungumze.

Ninalotaka kukwambia ni moja tu. Haki ya Muislamu haiwezi kulindwa peke yake. Ukinyamaza jirani akidhulumiwa kwa sababu si wa kabila lako au hasali kama wewe, unaizoesha serikali na watu kudhulumu, na zamu yako haiko mbali.

KATIBA ILIYOZALIWA RAMADHANI

Tarehe 27 Agosti 2010 ilikuwa Ijumaa, katikati ya Ramadhani. Siku hiyo katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi pale Uhuru Park, Nairobi. Sisi vijana wa leo tulikuwa watoto wadogo, kwa hivyo huenda hukumbuki vita vya maneno vilivyotangulia. Vingi vilihusu Mahakama ya Kadhi. Baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka iondolewe kwenye rasimu, na mwezi wa Mei mwaka huo huo majaji wa Mahakama Kuu walitoa uamuzi wa kuipinga isiwe ndani ya katiba.

Watu walizungumza kana kwamba Kadhi ni jambo jipya lililoletwa kwa ujanja. Ukweli ni kwamba mwaka 1963, kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu wa Kenya na Muhammad Shamte akiwa Waziri Mkuu wa Zanzibar walikubaliana kwamba Kadhi atabaki katika ukanda wa Pwani. Na kifungu cha 170 cha katiba ya 2010 kimeweka mipaka wazi: Kadhi anahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali wenyewe kwenda mbele yake. Mkristo haguswi.

Sasa nikuulize. Sensa ya 2019 ilionyesha Waislamu ni takriban asilimia 11 ya Wakenya. Kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ilipita kwa takriban asilimia 67. Hizo nyingine zilitoka wapi? Zilitoka kwa mamilioni ya Wakristo waliosema Ndio ijapokuwa baadhi ya viongozi wao waliwaambia waseme La. Mama anayekuuzia sukuma wiki soko la Wakulima huenda ni mmoja wao. Mahakama yetu ya Kadhi imesimama mpaka leo kwa kura za watu wasioihitaji. Hilo ni deni, ndugu yangu, na Muislamu hulipa deni.

DHULMA HUANZIA KWA JIRANI

Nchi yetu imeumizwa na ugaidi, na hilo tuliseme bila kumung'unya maneno. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi kama mimi na wewe, na wauaji waliwatenga kwa dini zao. Huo ni uuaji, na atakayeutafutia udhuru kwa jina la Uislamu ameutukana Uislamu.

Lakini tazama na upande wa pili. Aprili 2014 serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Miaka hiyo hiyo, kule Pwani na Kaskazini Mashariki, vijana wa Kiislamu walichukuliwa na watu waliosemekana kuwa askari, na wengine hawajaonekana mpaka leo. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika makumi ya visa hivyo katika ripoti yake ya 2015. Katiba, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wale hawakufikishwa popote. Na Kenya kwa wingi wake ilisema nini? "Si wale ni magaidi?" Hakuna mahakama iliyokuwa imesema hivyo, lakini mambo yakaishia hapo.

Ikafika Juni 2024. Vijana wa makabila yote, na Nakuru tukiwemo, walitoka kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni wengine waliingia Bunge, na watu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Baada ya hapo utekaji ukashika kasi. Mwisho wa Desemba 2024, Tume ile ile ilisema imeandika visa 82 tangu Juni. Safari hii waliochukuliwa walikuwa wakina Kamau, Otieno na Kiprono. Ghafla nchi nzima ikajua uchungu ambao mama wa Majengo, Mombasa, aliujua miaka kumi nyuma: kuzunguka vituo vya polisi na picha ya mwanao mkononi, na kila meza unaambiwa hayuko hapa.

Nimewasikia baadhi yetu wakisema, "Wacha nao waonje. Sisi tulipolia walikuwa wapi?" Maneno haya yanatoka kwenye jeraha la kweli. Lakini katika Surat Al-Maidah, aya ya 8, Allah anatukataza chuki yetu kwa watu isitufanye tuache uadilifu. Katika An-Nisaa, aya ya 135, anatuamrisha tuisimamie haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hakuna mahali tulipoambiwa tusubiri mwenzetu alipe kwanza.

Wengine watakuja na hoja ya kuwatii viongozi. Ni kweli, aya ya 59 ya An-Nisaa imo. Isome mpaka mwisho: mkikhitilafiana, jambo linarudishwa kwa Allah na Mtume wake, wala halirudishwi kwenye rungu. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipochukua ukhalifa aliwaomba watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akipotoka. Kama yeye aliomba kunyooshwa, mbunge wetu ni nani? Na kifungu cha 37 cha katiba kinakuruhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Zingatia hilo neno amani. Anayevunja duka la mfanyabiashara njiani akabeba televisheni hakuandamana, ameiba, na swaumu yake haimsitiri.

MTUME NA HILFUL FUDHUL

Ukitaka dalili, rudi Makka kabla ya utume. Mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa zake kwa Al-As bin Wail, mtu mkubwa wa Makureshi, akanyimwa malipo. Mgeni hana ukoo pale, hana wa kumtetea. Akapanda mlimani akalia hadharani. Watu wenye muruwa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Muhammad (S.A.W.), akiwa kijana, alikuwepo. Na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye agano lile, hata ndani ya Uislamu, angeitika.

Fikiria waliokaa kwenye kikao kile. Hawakuwa Waislamu, maana wahyi ulikuwa haujashuka. Aliyetetewa hakuwa wa kabila lao. Aliyeshitakiwa alikuwa mtu wao. Basi kijana wa leo anayesema "hayo ni mambo yao makafiri" ameichukua sunna ipi?

NAKURU YETU

Sisi watu wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuhadithiwa siasa ya kabila inafika wapi. Molo 1992. Njoro 1998. Kisha mwisho wa Januari 2008, Nakuru na Naivasha. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Hapa mjini, uwanja wa maonyesho ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Waulize wazee wako, watakwambia jinsi mtu alivyoulizwa jina lake la pili kabla ya kuachwa apite.

Sasa sikiliza. Tarehe 2 Desemba 2012, katika uwanja wetu wa Afraha, Uhuru Kenyatta na William Ruto walisimama jukwaa moja kutangaza muungano wao. Mwaka 2007 walikuwa kambi mbili zinazopingana. Kufikia uchaguzi wa 2022 walikuwa wametengana tena. Mimi sisemi walikosea kupatana. Kupatana ni kheri. Ninachosema ni kwamba wakubwa huungana na kuachana bila kutoka jasho, na maskini aliyechomewa nyumba kwa ajili yao hajengewi. Kijana wa Bondeni au Kaptembwo atakayepewa shilingi mia tano arushe jiwe, akumbuke kwamba wanaomtuma watakunywa chai pamoja na yeye yuko rumande.

Na si makabila tu. Tarehe 9 Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka Solai, usiku wa mvua, likaua watu wasiopungua 47, wengi wakiwa watu wa hali ya chini na watoto. Yale maji hayakumuuliza mtu dini. Kuuliza nani aliyaruhusu mabwawa yale, na kwa nini kesi ilizunguka mahakamani miaka, ni kazi ya Muislamu pia.

NA NDANI YA NYUMBA ZETU?

Haki tunayoidai nje lazima ianzie ndani. Tulipigania Mahakama ya Kadhi, sivyo? Basi mbona dada zetu wengi wanazuiliwa kwenda huko kudai mirathi? Baba akifa, kaka wanagawana plot na duka, dada anaambiwa "wewe una mume". Surat An-Nisaa, aya ya 7, imempa mwanamke fungu lake, liwe dogo au kubwa. Anayemnyima hatetei dini, anatetea mila na tumbo. Kadhi yupo hapa Nakuru. Msindikize dada yako kwake.

Na tusimwambie binti kwamba mambo ya nchi si yake. Profesa Yash Pal Ghai alipoondoka mwaka 2004, aliyeshika uenyekiti wa Tume ya Kurekebisha Katiba alikuwa mwanamke wa Kiislamu, Bi. Abida Ali-Aroni, ambaye baadaye akawa jaji.

TENDE ZA WANASIASA

Kila Ramadhani tunawaona. Kofia nyeupe, kanzu bado ina mikunjo ya dukani, kartoni za tende na magunia ya mchele, kamera mbele. Pokea tende, ndugu yangu, futari ni futari. Lakini kabla hajaondoka muulize: dawa hospitalini ziko wapi? Basari za wadi zilipewa nani? Kama tende inaziba mdomo wako, hiyo si sadaka tena.

Kaunti yetu ya Nakuru ina maeneo bunge 11 na wadi 55. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Sisi tunalalamika mtaro wa Bondeni umeziba, na siku ya kuusema hatupo. Mwaka 2022 vijana walikuwa takriban asilimia 40 ya waliojiandikisha kupiga kura, na idadi yetu ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko 2017. Tume ya uchaguzi haikutufukuza, sisi wenyewe hatukwenda.

Kwa hivyo nakuusia manne. Chukua kitambulisho na kadi ya kura, na umsaidie mwenzako anayesumbuliwa kupata chake. Nenda kikao cha bajeti cha wadi yako, hata kimoja kwa mwaka. Usisambaze ujumbe wa chuki kwenye simu, hata ukitumwa na mjomba. Na siku jirani yako asiyekuwa Muislamu akidhulumiwa, uwe wa kwanza kubisha mlango wake.

Ewe Allah, zikubali swaumu zetu, warudishe salama waliopotezwa, wape subira mama zao, na uilinde Nakuru isirudie yale ya 2008. Utujaalie tuwe wenye kusimamia haki, tuipende au tusiipende. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.